Tukuite Nani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Lugha ya Staha kwa Jinsia na Mapenzi ya Watu

Maswali haya nimeulizwa mara nyingi: na waandishi wa habari wanaokimbizana na muda wa kufunga ukurasa, wakalimani wa mahakamani, wauguzi, walimu, na mara moja moja na mzazi ambaye mwanawe amemwambia jambo na hajui aanzie wapi kumjibu. Mimi ni mhariri na mkalimani, mzaliwa wa Mombasa, na najibu kwa yale niliyojifunza kazini. Kila jibu linajitosheleza. Jambo lililokwisha kuelezwa kwingine nimelielekeza kwa namba.

## Mambo ya msingi

1. Kiswahili kina "yeye" mmoja tu kwa mwanamume na mwanamke. Tatizo liko wapi basi?

Ni kweli, na ni bahati kubwa. "Amefika." "Anaumwa." "Mwambie aingie." Hakuna sentensi hapo inayokulazimisha ujue unayemtaja ni wa jinsia gani. Wasemaji wa Kiswidi walibishana miaka mingi juu ya kiwakilishi kipya, "hen", mpaka kikaingia katika orodha rasmi ya maneno ya lugha yao mwaka 2015. Sisi cha kwetu tumekirithi.

Ila jinsia haikutoka katika Kiswahili. Imehamia kwenye kuitana: kaka, dada, bwana, bibi, shangazi, mjomba. Imo katika vitenzi vichache kama kuoa na kuolewa. Imo pia katika majina tunayowabandika watu tusiowaelewa. Ndiyo maana mtu anaweza kuzungumza saa nzima bila kosa la sarufi, na bado akamvunjia mwenzake heshima mara kumi. Sehemu kubwa ya ukurasa huu inahusu kuitana, kwa sababu huko ndiko watu wanakoumizwa.

2. Utambulisho wa kijinsia na mwelekeo wa kimapenzi ni kitu kimoja?

Hapana. Utambulisho wa kijinsia ni namna mtu anavyojijua nafsini mwake: mwanamke, mwanamume, au vinginevyo. Mwelekeo wa kimapenzi unahusu watu wanaomvutia. Mwanamke aliyevuka jinsia, yaani aliyeandikwa mvulana alipozaliwa, anaweza kupenda wanaume, akapenda wanawake, au asivutiwe na mtu yeyote. La kwanza halikuambii lolote kuhusu la pili.

Nyaraka nyingine huandika "mwelekeo wa kijinsia" pale zinapokusudia mapenzi. Nikilikuta hulibadilisha, kwa sababu msomaji anabaki hajui kama anaambiwa juu ya jinsia ya mtu au juu ya anayempenda. "Mwelekeo wa kimapenzi" linaeleweka mara moja.

3. "Jinsi" au "jinsia"?

Wataalamu wa Tanzania wamezoea kutenganisha: "jinsi" ni maumbile ya kuzaliwa, na "jinsia" ni nafasi na majukumu ambayo jamii humpa mtu kwa kumhesabu mwanamke au mwanamume. Ndiyo maana asasi iliyoanzishwa mwaka 1993 kutetea usawa wa wanawake na wanaume ikaitwa Mtandao wa Jinsia Tanzania. Mitaani "jinsia" hubeba yote mawili, na "jinsi" watu hulisikia zaidi kwa maana ya namna. Ukiwaandikia wasomaji wa kawaida, sema "maumbile ya kuzaliwa" na hutaeleweka vibaya.

4. Herufi LGBTQ zina maana gani, na nizitumie?

Ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yanayowataja wanawake wanaopenda wanawake, wanaume wanaopenda wanaume, wanaovutiwa na jinsia zaidi ya moja, watu waliovuka jinsia, na wengine wasiojiona ndani ya mafungu hayo. Mara nyingi huongezwa I kwa watu wenye maumbile ya jinsia mbili.

Zitumie unapozungumzia kundi zima, na uzieleze mara ya kwanza. Usizitumie kwa mtu mmoja. Habari isemayo "mwana-LGBTQ alishambuliwa" haijamwambia msomaji kitu. Aliyeshambuliwa alikuwa mwanamke anayependa wanawake? Kijana aliyevuka jinsia? Na kama jambo hilo halihusiani na shambulio, kwa nini limetajwa? (Tazama swali la 18.)

5. Maneno ndivyo yalivyo. Kweli watu watabadilisha lugha waliyozaliwa nayo?

Tumeshabadilisha, na wakumbukao ni wengi. Tulikuwa tukisema "zeruzeru" bila kufikiri. Leo vyombo vya habari vya Tanzania vinaandika "mtu mwenye ualbino", na mtoto wa shule atakusahihisha ukiteleza. Tulisema "kiwete" na "kilema", sasa ni "mtu mwenye ulemavu". Kwa Ukimwi tulianza na maneno ya kutisha, tukapita kwenye "waathirika", tukafika "watu wanaoishi na VVU", na Tanzania hata kifupi chake kipo: WAVIU.

Mabadiliko yote hayo yalifuata njia moja. Wanaohusika walisema neno fulani linawaumiza, likatafutwa jingine lililoanza na "mtu", nalo likazoeleka. Mwanzoni "mtu mwenye ualbino" lilionekana refu na la kujitakia. Leo nani analiona refu?

## Maneno yenye ubishi

6. "Shoga" ni tusi?

Inategemea nani anamwambia nani, na wapi. Mwambao wote, kuanzia Lamu hadi Zanzibar, mwanamke humwita rafiki yake wa kike "shoga" bila kufikiria mapenzi ya aina yoyote. "Shoga, mbona umenitupa siku hizi?" Nimelelewa ndani ya neno hilo, mama yangu alikuwa na mashoga zake na walizikana kwa uaminifu. Hakuna sababu ya kuliacha, na naomba wahariri wa bara wasilisahihishe.

Likimwelekea mwanamume, neno hilohilo limekuwa jina la anayependa wanaume, na vinywani mwa wengi ni tusi. Wapo waliolichukua wenyewe na wanajiita hivyo kifua mbele. Wapo wanaojikunja wakilisikia. Mimi silitumii kwa sauti yangu ila kwa mtu aliyeniambia kwamba ndivyo anavyojiita. "Mwanamume anayependa wanaume" ni maneno matatu badala ya moja, lakini hayana jeraha ndani yake. Na katika kichwa cha habari, "mapenzi ya jinsia moja" inatosha pale wengi wanapokimbilia "ushoga".

7. Na "msagaji", "hanithi", "basha", "msenge"?

"Msenge" ni tusi, tena la kukusudia. Usiliandike isipokuwa ndani ya nukuu isiyoepukika (swali la 20).

"Msagaji" limezoeleka magazetini kiasi kwamba wengi hudhani ni neno rasmi. Lisikilize vizuri: linatokana na kusaga, yaani linamwita mwanamke kwa kitendo cha chumbani ambacho mwandishi anakidhania. Hatumwiti mwanamke yeyote mwingine hivyo. Anaitwa mke wa fulani, mchumba wa fulani, mwanamke ampendaye fulani. "Basha", linaloelekezwa kwa mwanamume, lina kasoro ileile. Sema "mwanamke anayependa wanawake" au "mwanamume anayependa wanaume".

"Hanithi" hubebeshwa mizigo miwili. Hutumika kwa mwanamume asiye na nguvu za kiume, na pia kwa mwanamume mwenye mwenendo unaohesabiwa kuwa wa kike. La kwanza ni suala la tabibu, la pili ni la mtu na nafsi yake, na neno linaloyafunga pamoja linadanganya juu ya yote mawili.

8. Nimesikia "huntha". Je, hilo nalo ni baya?

Hili limetokea mlango mwingine. Limetoka Kiarabu, na katika fiqhi ya Kiislamu huntha ni mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyoangukia wazi upande wa kike wala wa kiume. Wanazuoni walimjadili kwa makini, hasa katika mirathi: apewe fungu gani, ahesabiwe vipi. Walimjadili kama mtu mwenye haki. Nchini Kenya neno hilo linaendelea kutumika katika habari bila nia ya kutukana.

Hata hivyo baadhi ya wanaohusika wanalikwepa kwa sababu mitaani limechanganywa na "hanithi". "Mtu mwenye maumbile ya jinsia mbili" ni salama zaidi ukiwa hujui anachokipenda. Jambo la kushika ni kwamba linahusu mwili wa kuzaliwa. Halihusu anayempenda, na si sawa na kuvuka jinsia. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019, ya kwanza nchini humo kuwahesabu watu hawa, iliorodhesha 1,524, na Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 inawatambua watoto waliozaliwa hivyo.

9. "Wapenzi wa jinsia moja" ni sahihi?

Linakubalika, na halitukani. Udhaifu wake ni kwamba "wapenzi" humfanya msomaji aone watu wawili walio pamoja. Mtu asiye na mwenza je? Kwa mtu mmoja napendelea "anayependa watu wa jinsia yake". Kwa wawili walio pamoja, "wapenzi" inatosha, na jinsia zao zitajulikana kwa majina kama zina umuhimu.

10. Niseme "aliyebadili jinsia" au "transijenda"?

"Aliyebadili jinsia" ndilo la magazetini. Tatizo lake ni kwamba linamsukuma msomaji kwenye kisu cha daktari, wakati wengi hawajafanyiwa upasuaji wowote na wengine hawautaki. Wengi pia hukwambia kwamba hawakubadili kitu. Walikuwa hivyo tangu utotoni. Kilichobadilika ni jina na namna watu wanavyowatazama.

"Transijenda" linasikika zaidi mijini na linaeleweka na wanaohusika. "Mtu aliyevuka jinsia" ni la Kiswahili zaidi na halimtaji daktari. Mimi hutumia haya mawili. Ukitaja jinsia ya mtu, tumia anayoishi nayo: mwanamke transijenda ni mwanamke aliyeandikwa mvulana alipozaliwa. Usiandike "mwanamume anayejiita mwanamke", kwa sababu "anayejiita" ni neno tunalowapa matapeli.

11. Wanaosema haya ni maneno ya Wazungu tuwajibu nini?

Waonyesheni kamusi. Huntha na hanithi tulipewa na Kiarabu, kusaga ni kitenzi chetu, na shoga lilikuwapo mwambao kabla ya bibi yangu. Lugha haitungi majina ya watu wasiokuwapo. Kilicho kipya ni kudai kwamba majina hayo yawe na heshima.

## Kuitana na kuandikana

12. Nimuulize mtu "viwakilishi vyako ni vipi"?

Nimelisikia swali hilo kwenye mikutano ya Nairobi, na kila mara chumba kizima hunyamaza kidogo. Ni swali la Kiingereza lililovaa kanga. Kiwakilishi chetu ni kimoja, na aliyeulizwa hana cha kuchagua.

Uliza kile ambacho Kiswahili kinakihitaji kweli: "Tukuite nani?" Mtu atakupa jina, na mara nyingi atakuongezea mwenyewe: "Niite Dada Neema", au "Jina tu linatosha". Kama unajua utalazimika kutumia cheo cha ukoo, uliza wazi: "Nikuite kaka, dada, au jina?" Muulize kila mtu mezani, si yule mmoja tu uliyemtilia shaka.

13. Nisipojua, na siwezi kuuliza?

Kiswahili kina hazina hapa. "Ndugu" humfaa yeyote. Enzi za TANU ndilo lililokuwa jina la kila raia, mwanamke kwa mwanamume, na barua za Tanzania hadi leo huanza nalo. "Mheshimiwa", "mwalimu", "daktari", "mteja", "jirani", "mwenzangu", "mpendwa" hazina jinsia. Hata "shemeji" hutumika kwa mwanamume na mwanamke.

Ukihutubia, "ndugu wapendwa" au "wageni waalikwa" inawachukua wote. "Mabibi na mabwana" ni adabu ya zamani na haina ubaya wa makusudi, ila kuna mtu ukumbini ataachwa nje.

14. Watu wawili wa jinsia moja "wameoa" au "wameolewa"?

Sarufi ya kawaida inasema mwanamume anaoa na mwanamke anaolewa, na ndiyo maana waandishi hukwama wakiripoti harusi ya Afrika Kusini, ambako ndoa hizi ni halali tangu mwaka 2006. Wengine huanza kubahatisha nani "ameoa", na hapo wanakuwa wameingia chumbani mwa watu.

Kitenzi tunacho tayari: wameoana. Au wamefunga ndoa. Kila mmoja ni mwenzi wa mwenzake, na kama ni wanaume wawili wanaoitana "mume wangu", andika mume. Mtoto wao ana wazazi wawili.

15. Fomu yetu ina ME na KE tu. Tufanye nini?

Kwanza jiulizeni kama mnahitaji kujua. Fomu ya kujiunga na maktaba haina kazi na jinsia ya mtu. Kiondoeni kisanduku.

Kama mnahitaji, ongezeni "nyingine" na "sipendi kusema", na mfundisheni karani asimjazie mtu kwa kumtazama. Kenya ilijifunza kwa uchungu. Kesi ya mtoto anayejulikana mahakamani kama Baby A, iliyoamuliwa mwaka 2014, ilianza kwa sababu hospitali ilijaza alama ya kuuliza penye nafasi ya jinsia ya mtoto mchanga. Alama ya kuuliza! Mtoto hana siku nyingi duniani na tayari karatasi yake ya kwanza inamshangaa. Mwaka huohuo mahakama iliamuru baraza la mitihani la nchi hiyo limpe Audrey Mbugua, mwanaharakati na mwanamke transijenda, cheti cha kidato cha nne chenye jina lake jipya na kisichotaja jinsia. Cheti kisichotaja jinsia bado kinaeleza alama zilezile.

16. Kuna kosa la sarufi ambalo wengi hawalioni?

Lipo, nami naliona kuwa baya kuliko matusi ya wazi. Ni kumtoa mtu katika ngeli ya watu. Mtu ni wa A-WA: yule, huyu, anakuja. Sikiliza jinsi watu wanavyosema wanapomdharau: "lile linakuja", "hiki nacho ni nini?", "jikedume". Kwa silabi moja mtu amegeuzwa kuwa jitu au kitu, na msemaji akiulizwa atajibu kwamba hakutukana.

Mhariri anayekagua makala asiishie kutafuta maneno mabaya. Akague viambishi. Wauguzi nao nawaomba hivyohivyo: mgonjwa aliye nyuma ya pazia anasikia kama amesemwa kwa "yule" au kwa "kile", na akisikia "kile" hatarudi kuchukua dawa.

17. Nikikosea je?

"Samahani, Dada Neema", kisha endelea na mazungumzo. Usijieleze kwa dakika tano mpaka uliyemkosea ndiye aanze kukubembeleza.

## Habari, mahakama na ukalimani

18. Ni lini nitaje kwamba mtu anapenda watu wa jinsia yake, au kwamba amevuka jinsia?

Pale tu ambapo jambo hilo ni sehemu ya habari na mwenyewe amekubali. Watu wa mwambao tuna neno kwa hili: kusitiri. Tumelelewa kumsitiri jirani, kutoanika ya ndani ya nyumba ya mtu. Kumwanika mtu kwa mapenzi yake ni kinyume cha malezi hayo.

Tena si aibu pekee iliyopo. Tanzania, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaweka kifungo kuanzia miaka 30 hadi maisha. Kenya, kifungu cha 162 kinafika miaka 14, na tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukifuta. Sheria ya Uganda ya mwaka 2023 inafika kifungo cha maisha, na kwa makosa fulani kifo. Burundi iliharamisha mwaka 2009. Rwanda haina kosa hilo katika sheria zake, lakini nayo ina wenye nyumba wanaofukuza wapangaji. Jina moja, mtaa mmoja, picha moja yenye mlango unaotambulika, na mtu analala polisi au barabarani.

Kwa hiyo badilisha jina, ondoa mtaa, ondoa kazi yake kama wafanyakazi wa aina hiyo ni wachache mjini. Na umkumbushe kwamba habari haifutiki: anayekubali leo kwa hasira huenda kesho asingekubali. Mimi huwapa siku moja wafikiri, hata mhariri mkuu akinuna.

19. Niandike "alikiri kuwa shoga"?

Hapana. Kukiri ni kwa mshtakiwa. Januari 2014 mwandishi wa Kenya Binyavanga Wainaina aliwaeleza wasomaji wake kwamba anapenda wanaume. Alieleza, alitangaza, alisema wazi. Chagua kitenzi chochote kati ya hivyo. Ukiandika "alikiri", umeshamhukumu kwa kitenzi kabla msomaji hajafika kwenye nukta.

Yapo mengine ya ukoo huo. "Alinaswa" ni la mnyama na mtego. "Anashukiwa" ni la polisi, liachie polisi na ulitie kinywani mwao. "Tabia" na "mchezo" hulifanya jambo lionekane kama ulevi wa kuachika. Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja katika orodha yake ya magonjwa tarehe 17 Mei 1990, kwa hiyo hata "anaugua" na "aliponywa" havina msingi. Na usiandike "alitoka kabatini". Hatuna hadithi ya kabati. Msomaji wa Tabora atashangaa alikuwa akifanya nini humo.

20. Mwanasiasa ametumia tusi hadharani. Nilinukuu?

Ikiwa tusi lenyewe ndiyo habari, linukuu mara moja, ndani ya alama za nukuu, likiwa na jina la aliyelisema. Baada ya hapo sema "neno hilo". Lisiwe kwenye kichwa cha habari, maana pale ni gazeti linalosema.

21. Mahakama zenyewe zinatumia lugha gani?

Mfano mzuri ni wa Kenya. Tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua, majaji watatu kwa wawili, kwamba asasi ya kutetea haki za wanaopenda watu wa jinsia yao ilinyimwa usajili kinyume cha katiba. Sehemu kubwa ya ubishi ilikuwa juu ya neno moja: je, "jinsia" katika ibara ya 27(4), inayokataza ubaguzi, inabeba pia mwelekeo wa kimapenzi? Wengi wa majaji walisema inabeba. Uamuzi huo haukufuta kifungu cha 162 (swali la 18), na hapa waandishi wengi waliteleza wakaandika kwamba Kenya "imehalalisha". Iliruhusu watu kusajili asasi. Andika hivyo.

22. Naripoti michezo. Nimwiteje mwanariadha aliyezuiwa kwa sababu ya homoni?

Mwite mwanamke. Fainali ya mita 800 ya wanawake huko Rio mwaka 2016 iliishia kwa Caster Semenya wa Afrika Kusini kupata dhahabu, Francine Niyonsaba wa Burundi fedha, na Margaret Wambui wa Kenya shaba. Wote watatu waliathiriwa na kanuni zilizofuata za kiwango cha homoni. Walizaliwa wakaandikwa wasichana, wakalelewa wasichana, wakakimbia kama wanawake. Hawakuvuka jinsia. Vibanda vya magazeti vilijaa maswali ya "ni mume au mke?" juu ya mabinti wawili wa ukanda wetu, na nina hakika familia zao ziliyasoma.

Eleza kanuni inasema nini, eleza anachokipinga mwanariadha, na acha mwili wake upumzike.

23. Nikikalimani kwenda Kiingereza au Kifaransa, "yeye" nimfanye wa kiume au wa kike?

Swali hili ndilo lililonifanya nianze kuandika majibu haya. Lugha hizo zinakudai jinsia ambayo msemaji hakuitaja, na mkalimani aliyechoka huijaza kwa mazoea.

Fikiria mwanamke anayeomba hifadhi. Anasema: "Mpenzi wangu alikamatwa, nikakimbia." Mkalimani anatafsiri "mpenzi" kwa neno la Kiingereza la mpenzi wa kiume. Ofisa anaandika. Saa moja baadaye mwanamke anamtaja mpenzi huyo kwa jina, na jina ni la kike. Sasa faili ina maelezo mawili yanayopingana, na anayeonekana mwongo ni yeye, wakati neno la kwanza hakulisema. Nimeshuhudia jambo la namna hii, na ilibidi niombe kikao kisimame.

Kabla ya kuanza, muulize ofisa ruhusa, kisha muulize msemaji kila mtu mpya anapotajwa. Kama huwezi kuuliza, rudia jina, au tumia neno lisilo na jinsia. Kiingereza kinalo, "they", na kamusi ya Merriam-Webster ililifanya kiwakilishi hicho kuwa neno lake la mwaka 2019. Kifaransa ni kigumu zaidi, hivyo sema waziwazi kwa ofisa: "Msemaji hakutaja jinsia."

Na kumbuka swali la 6. Bibi wa Pate akisema "shoga yangu alinificha kwake", amefichwa na rafiki yake wa kike. Nimewahi kuona sentensi kama hiyo ikitafsiriwa kwa namna iliyombadilishia mama mzima maisha yake yote kwenye karatasi.

## Pale inapokuwa ngumu

24. Dini yangu inakataza. Nikitumia maneno haya si nimekubali?

Kumwita mtu kwa jina lake ni adabu, na haikuondolei imani yako. Daktari humwita mfungwa "ndugu". Kadhi anayegawa mirathi ya huntha hamtukani kwanza. Ukiwa na hoja ya kidini, iseme kama hoja, bila tusi ndani yake, na mwenzako ataweza kukujibu kama mtu kwa mtu.

25. Rafiki yangu anajiita kwa neno ambalo nyinyi mnasema ni tusi.

Ni haki yake. Uganda, kwa mfano, wengi wanaopenda watu wa jinsia yao hujiita "kuchu", na ni neno la upendo baina yao. Kulisikia hakukupi ruhusa ya kulitumia ukiwa nje ya mduara huo. Akikwambia "nawe niite hivyo", mwite yeye, na ubaki hapo.

26. Mwanangu ameniambia. Nimjibu nini?

"Asante kwa kuniambia. Wewe ni mwanangu." Neno "mwanangu" halina jinsia, na huenda ndilo alilokuwa akilisubiri. Maswali yako mengine yatapata siku yake. Usimwambie shangazi wala mjomba kabla hajakuruhusu (swali la 18 linahusu nyumbani pia).

27. Amefariki, na familia inataka jina la zamani kwenye tangazo.

Hili huumiza pande zote, na sheria ya uhariri haitoshi. Familia imefiwa. Marafiki nao wamefiwa, tena mara nyingi wao ndio waliomuuguza. Anza na kile ambacho lugha inakupa: "marehemu" na "mpendwa wetu" havina jinsia, na "mtoto wa" inaweza kuchukua nafasi ya "bin" na "binti". Jina aliloishi nalo liwepo, hata kama litafuata la ukoo. Picha iwe ya miaka yake ya mwisho, si ya shule ya msingi.

Kama kuandika jina lake kutawahatarisha walioachwa, andika jina la ukoo peke yake na uwaachie marafiki walitamke lile jingine kaburini.